Chupa za Tangawizi na Pumzi ya Bibi Tusekile

Atukuzwe Mungu aliyeifunika dunia kwa hewa kama mama anavyomfunika mtoto mgongoni, akaweka na mpaka ambapo hewa hiyo inakoma. Namshukuru kwa jinsi alivyonivumilia miaka yote hii. Uvumilivu huo leo mimi sina. Nina hasira, mwanangu, na utajua kwa nini.

Nakumbuka siku moja, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila kijana akajiona tajiri wa kesho. Nilikuwa na kibanda Mbugani, huku kwetu chini karibu na mpaka wa Malawi. Nilipika tangawizi kwa sukari na hamira, nikaijaza kwenye chupa za soda zilizokwisha kutumika, nikabana vizibo kwa mashine ya mkono. Mchana huo vijana walikuwa wakibishana kibandani kwangu: wale wanaorushwa anga za juu, wakitoka nje ya chombo chao na soda, chupa itakuwaje? Nilijibu upesi, maana debe tupu haliachi kuvuma.

"Itaganda tu, itulie."

Mwalimu Salehe alikuwa amekaa pembeni. Alifundisha fizikia, aliletwa kwetu kutoka Tanga, na alipanga chumba nyuma ya kibanda changu. Akaichukua chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hewa tunayoivuta inaikandamiza chupa kutoka nje," alisema. "Gesi iliyomo inasukuma kutoka ndani. Ni kama mafahali wawili wanaosukumana vichwa. Huko juu kabisa hakuna hewa, kwa hiyo fahali wa nje hayupo. Chupa nzima ya kiwandani huenda ikastahimili. Yenye ufa, au iliyojaa gesi kupita kiasi, itapasuka. Na ukiifungua, kinywaji kitachemka bila moto, kisha mabaki yake yagande."

"Kichemke bila moto!" Binamu yangu Ambokile alicheka hadi akashika mbavu. "Mwalimu, huko Tanga kumbe kuni mnanunua za nini?"

Tulicheka wote. Mwalimu hakucheka. Aliniangalia mimi.

"Hamira yako bado inafanya kazi humu ndani, na chupa hii ina ufa shingoni. Kesho unapeleka makreti Mbeya. Ukipanda mlima kule Isyonje hewa inapungua. Inapungua kidogo tu, lakini kwa chupa iliyokwisha kushiba, kidogo kinatosha. Usiende nazo, bwana."

Nikamwambia afundishe watoto, biashara aniachie mimi.

Asubuhi yake, nikipakia mzigo, alipita Bibi Tusekile, mjane wa Bondeni, anakohoa. "Mjukuu wangu, nisaidie chupa moja, kifua kinaniua." Nikamwambia zote ni za harusi. Akashukuru kwa kilugha chetu, "Haya, ndaga," akaenda zake.

Basi lilipanda. Ambokile alipakata kreti moja, kwa kuwa mimi nilimwambia alipakate. Tulipokaribia Isyonje chupa ya kwanza ikalia kama bunduki, na ya pili, na ya tatu. Kipande cha kioo kilimwingia Ambokile jichoni. Jicho lile halikupona.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka unichukie kidogo, kama ninavyojichukia. Sisi Wanyakyusa tuna usemi wa pumzi ya watu: ukimkosea jirani, hasira yake hukufuata kama upepo wa baridi ikakudhuru. Wazee waliusema ili tusidhulumiane. Tuliporudi nyumbani, baba mdogo, baba yake Ambokile, aliniuliza mbele ya ukoo, "Mlimkosea nani kabla ya safari?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimepewa jibu hilo kibandani kwangu, kwa Kiswahili chepesi, chupa ikiwa mkononi mwa aliyelitoa. Nikasema, "Bibi Tusekile aliomba tangawizi, nikamnyima."

Sikusema mchawi. Sikuwa na haja ya kusema.

Watu wa ukoo walikwenda kumfukuza mchana kweupe. Mwalimu Salehe alisimama mlangoni pa bibi, akaeleza habari ya ufa, hamira na mlima. Wakamzomea: mgeni wa pwani anajua nini? Akanigeukia. "Sema wewe. Unajua." Watu wote wakanitazama. Nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Bibi alitoka na mkeka na sufuria moja, akavuka Songwe kwenda kwa binti yake upande wa Malawi.

Mwalimu alinifuata kibandani. "Kutojua si dhambi," alisema. "Hata ubishi wako ningeusamehe. Lakini umejua, ukaziba mdomo, na aliyepasukiwa ni ajuza wa watu." Akahama chumba siku hiyo hiyo.

Nilikaa na kizibo hicho mdomoni miezi mitatu. Kisha nikasimama kanisani nikasema yote, mbele ya baba mdogo na Ambokile mwenye jicho moja. Nikavuka mto kumfuata bibi. Alinipa maji ya kunywa kabla sijafungua kinywa.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," alisema. "Ila sirudi. Nimezeeka, siwezi kujifunza tena kutembea njia ile wakinitazama."

Akazikwa huko.

Nilidhani yameisha. Wiki iliyopita gari dogo lilipinduka, na nasikia ninyi vijana wa mtaa huu, mliosoma kuliko mimi, mnamtaja mama muuza ndizi kwamba alimtazama dereva vibaya. Tairi lilikuwa kipara! Mliliona, mkalipiga na picha! Na wewe, mwanangu, ulikuwapo, ukanyamaza. Usiniambie uliogopa. Najua uoga huo una ladha gani.

Basi shika neno hili: ukikijua chanzo cha jambo, kiseme siku ile ile, mbele ya wale wale, kabla hawajampata wa kumtwisha. Aliyeonywa akacheka, akubali hasara yake mwenyewe. Leo, kabla ya chakula, nenda kwa mama huyo, usimame mlangoni pake, useme habari ya tairi. Nitakwenda nawe, ingawa magoti yananiuma.

Mungu akupe, wewe unayesoma, kifua cha kubeba ukweli na kinywa cha kuutoa. Mlango wako usifikiwe na wazomeaji. Na wakifika, asikose mmoja wa kusimama nawe. Amina.