Msumari wa Fundi Makame

Enzi zetu, wanaandika wenzangu wa Kiponda kwenye kundi letu la WhatsApp, umeme ulikuwa umeme kweli. Haukuwa huu wa siku hizi unaoruka kila ukichomeka birika. Chini ya maneno hayo hufuata vikopa vyekundu vya mapenzi na picha ya mlango wenye misumari ya shaba, kisha kila mtu anaanza kulilia ubuyu na nage. Mimi husoma nikajiuliza hawa wenzangu walikulia Kiponda ipi.

Siukatai utoto wetu. Ubuyu ulikuwepo, tukijipaka midomoni tukajiona mabibi harusi. Nage tuliicheza kwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ya Bi Rukia hadi magamba ya magoti yakatoka, na mama akichungulia dirishani: "Mtoto wa kike gani, miguu kama mchukuzi wa bandarini!" Masika yakija, nguo hazikauki wiki nzima, tukaenda skuli na sare zinazonuka uvundo, darasa zima harufu moja, hakuna wa kumcheka mwenzake. Hayo yote yalikuwepo. Lakini umeme wa mtaa ule waniachie mimi niusimulie, kwa sababu baba yangu ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba ya Bi Rukia mpaka walipoacha kumwita.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa tatu, mali ya Bi Rukia mwenyewe, yeye akikaa juu na wapangaji chini yake. Waya zake zilipitishwa ndani ya kuta na kuta zile ni nene kama ukaidi wa wenyewe. Umeme wote uliingia kwa kisanduku kimoja chini ya ngazi, ukapandishwa kwa waya mmoja mpaka juu ndipo ukagawiwa kila ghorofa, na ndani ya kisanduku mlikuwa na fyuzi ya kauri yenye kiwaya chembamba kama unywele. Kazi ya kile kiwaya ilikuwa kufa. Nyumba ikivuta umeme kuliko waya za ukutani zinavyoweza kubeba, chenyewe kinayeyuka kwanza, kila kitu kinazima, na waya za ukutani zinapona. Baba alilieleza jambo hili kwa kila aliyemuuliza na kwa wengi wasiomuuliza. Hakusikilizwa na mtu, mimi nikiwemo.

Basi Ramadhani, baada ya alasiri, kila ghorofa inawasha jiko la umeme kwa ajili ya futari. Huyu anasaga juisi ya bungo, yule friji lake linanguruma, na mpangaji wa chini, Mzee Masudi, anapiga pasi kanzu ya kuendea tarawehe. Puf! Ngazi zote kiza, maana nyumba zile hata jua likiwa bado juu, ndani huoni unapokanyaga.

"Mwiteni Fundi Kiza!"

Ndilo jina walilompa baba yangu. Alikuwa akifika na kijisanduku chake cha bati, na kabla ya salamu kukamilika anasema, "Zimeni pasi kwanza." Kisha anaweka kiwaya kilekile, chembamba vilevile.

"Fundi, si uweke mnene kidogo?" Mzee Masudi alikuwa akimwambia, kanzu nusu imenyooka, nusu bado makunyanzi. "Au huna waya mnene?"

"Mimi ninao. Nyumba ndiyo haina."

Watu wakicheka. Mtaani kwetu fundi mzuri alipimwa kwa kitu kimoja tu: taa zake hazizimi. Aliyezimiwa mara mbili kwa mwezi alionekana kaibiwa. Sisi watoto tukaichukua ile kauli tukaipeleka kwenye nage, aliyepigwa mpira anapigiwa kelele, "Zimeni pasi!" na mimi binti yake nacheka zaidi ya wote, ili nisije nikachekwa mimi.

Ndipo akatokea Fundi Makame. Alikuja na vespa na miwani ya jua, akakitoa kiwaya cha baba kwa vidole viwili kama anayetoa unywele kwenye mchuzi, akachomeka pale msumari wa inchi mbili.

"Huu hauruki tena, Bi Rukia. Huu utatuzika sote."

Alisifiwa! Siku ile alikalishwa kwenye futari, akapewa kaimati za kwanza, na Bi Rukia akamwombea dua mbele ya wapangaji wote. Taa hazikuzima Ramadhani ile nzima. Habari ikazunguka vichochoro, na nyumba moja baada ya nyingine zikaacha kumwita baba. Mwisho alikwenda kutafuta kazi hoteli za Nungwi, tukawa tunamwona Ijumaa kwa Ijumaa, naye anapita mtaani mbiombio kama mgeni anayeogopa kuuliza njia.

Masika yalipoingia, Bi Rukia aligundua kwamba ukuta wa chumbani kwake, nyuma ya kabati la nguo, una joto. Mtu mwenye akili angeuliza ukuta wa mawe unapata wapi joto mvua inanyesha. Yeye alitandika kanga zake pale zikakauka, akafurahi, akawaambia majirani. Wakapanda ngazi na nguo zao! Nakumbuka mama yangu mwenyewe, mke wa fundi, kanipa sare yangu ya skuli niipeleke kwa Bi Rukia ikaanikwe ukutani. Niliivaa asubuhi yake haina uvundo hata kidogo, nikaringa darasani.

Msumari hauyeyuki. Kwa hiyo kilichokuwa kikitafuta njia ya kuyeyuka ni waya wenyewe, ndani ya ukuta, pembeni ya boriti kavu za miaka na miaka. Ijumaa moja, wanaume wako msikitini, moshi ukatoka nyuma ya kabati. Kabati likaungua na kanga zake za harusi, boriti mbili zikawa nyeusi, na wanawake wakauzima moto kwa ndoo za maji. Hakufa mtu. Kisha wakakaa kitako kutafuta sababu. Mmoja alisema hasidi. Mwingine alisema chetezo cha udi, ingawa chetezo kilikuwa ghorofa ya chini, baridi. Baba alifika jioni kutoka Nungwi, akafungua kisanduku bila kumuuliza mtu, akautoa msumari umeshapiga weusi, akautia mfukoni. Akarudisha kiwaya chake. Siku ya pili taa zilizima, na Mzee Masudi akaguna, "Kiza kesharudi."

Hizo ndizo enzi zetu.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na Shaabani, mtoto wa Bi Rukia, tuliyecheza naye, na ndiye bingwa wa vikopa kwenye kundi. Ghorofa mbili za chini amezigeuza nyumba ya wageni. Ameweka viyoyozi sita. Ile fyuzi ya kauri iliondolewa zamani ikawekwa breka, inayojizima yenyewe umeme ukizidi, na mwaka jana fundi mmoja akambadilishia ya ampea ishirini kwa ya arubaini. Bado inaruka. Akaniita mimi, kwa kuwa siku hizi ni injinia wa umeme, nikaenda.

"Injinia, niwekee sitini na tatu, tumalize."

"Waya wa ukutani ulibadilishwa?"

"Waya umo ukutani, nani anauona?"

"Una unene gani?"

Alinitazama kwa huruma. "Umekaa chuo kikuu miaka minne kuja kuniuliza hilo? Baba yako alituuliza hivyo bila ya chuo."

Nilimwambia breka hufuata waya, haifuati idadi ya wageni wake. Avute waya mpya kwa ajili ya viyoyozi, wenye breka yake. Na mpaka hapo turudishe ishirini. Akanambia wageni hawaji Zanzibar kutokwa jasho, na kama mimi siwezi, fundi wa sitini na tatu yuko Darajani, anakuja kwa dakika kumi. Akaitoa simu.

Nikapanda juu. Bi Rukia siku hizi miguu haina kazi. Kushuka ngazi zile anahitaji watu wawili wa kumbeba, na mchana kutwa yuko peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa Fundi Kiza." Sikuwahi kulitamka jina lile kwa kinywa changu tangu kiwanja cha nage.

Akajigeuza kitandani. Kisha akaunyoosha mkono wake mwembamba akaugusa ukuta nyuma ya kitanda. "Umeanza tena," akasema. "Vuguvugu. Nnamwambia Shaabani, ananambia jua."

Nikaugusa. Ulikuwa na joto lilelile la sare yangu.

"Bibi, siku ile ya moto ulijua kuwa ni msumari?"

"Nilijua siku ileile. Ningesemaje, na mimi ndiye niliyemwombea dua Makame mbele za watu?"

Kutoka chini sauti ya Shaabani ilipanda, anamwelekeza fundi njia kwenye simu. Bi Rukia alijiinua kwa kiwiko, akapiga ukelele ambao sikudhani umebaki ndani ya kifua kile:

"Shaabani! Zima pasi!"

"Mama, hapana pasi hapa!"

"Nnasema zima! Nyumba yangu hii. Huyo wa simu mwambie asije, na mtoto wa Fundi aweke anachotaka yeye!"

Nikaweka ishirini. Shaabani akaendelea kuwasha viyoyozi kimoja kimoja ili anikomeshe, na cha tatu kilipoanza kunguruma, tak, kiza. Mgeni mmoja akatoa kichwa mlangoni akasema kitu kwa lugha yake. Juu, kwenye kiza, nilimsikia Bi Rukia akisema alhamdulillahi.

Zamani mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja aliyekubali kuchekwa ili sisi wengine tulale salama, nasi tukamlipa jina lile. Siku hizi watoto wa mtaa ule wana simu mikononi, wanaweza kuuliza dunia nzima unene wa waya, na wanauliza bei ya breka kubwa. Ubuyu tu ndio uliobadilika, umezidi sukari.

Jioni ileile Shaabani aliandika kundini: "Enzi zetu umeme haukuwa na mashauzi haya." Vikopa vikamiminika. Nilikuwa Kiembe Samaki kwa baba. Nikafungua kijisanduku chake cha bati, nikautoa msumari wa Makame, mweusi, umepinda kidogo shingoni, nikaupiga picha nikautuma bila neno.

Hadi leo hakuna aliyeweka kopa.