Kuhe Aliyepita Kwapa la Babu

Kwetu Buyenzi, mtaa wa karibu na ziwa, samaki hapimwi kwa mizani. Anapimwa kwa mkono wa kulia wa Babu. Unamlaza juu ya mkono, mdomo uguse ncha ya kidole cha kati, halafu unaangalia mkia umeishia wapi. Mukeke wa kawaida hafiki kiwiko. Sangala mdogo anakivuka kidogo. Ni samaki mmoja tu aliyewahi kufika kwapani: kuhe ambaye Babu alimvua mwenyewe kwa ndoano, kabla mama yangu hajazaliwa. Mkia uliingia kwapani, anasema, mpaka ukamtekenya.

Hiyo ya kutekenywa haikosi kamwe. Imesimuliwa harusini, imesimuliwa kila Idi, imesimuliwa hata msibani, watu wanalia huku wanacheka ndani ya mitandio. Na mimi, ambaye Mungu alininyima adabu akanipa mdomo, nilikuwa nasubiri afike hapo kwenye kwapa, kisha namwambia:

"Babu, samaki wote wakifa wanaoza. Wako peke yake bado anakua."

Kandambili ilikuwa inakuja mara moja. Haikunipata hata siku moja, na sasa nadhani alikuwa anakosa makusudi. "Mutoto mubaya we!" anapiga kelele. "Siku utavua wako, umulete hapa tupime! Hapa, kwenye mukono hii!"

Halafu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala wote. Mkono ule ukajikunja kifuani na kubaki hivyo, kama mtu aliyebeba kuku chini ya koti na hataki polisi wamuone. Hiyo nayo nilimwambia. Hakucheka. Daktari alisema tumzungumzishe, maneno yanaweza kurudi, kwa hiyo nikaichukua kama kazi yangu, maana ndiyo kazi pekee nyumbani ninayoiweza. Nilimwambia vichekesho vyote ninavyovijua. Nilimwambia nani aliyekuwa anamwibia sukari miaka yote. Mwisho nikamwambia kwamba kuhe wake alikuwa ndagala, dagaa mtupu, tena ndagala mgonjwa, na nikamwekea kandambili karibu na mkono wa kushoto, ule mzima. Nikasimama pale pale, sikukimbia.

Aliitazama kandambili kama kitu cha jirani. Kisha akaendelea kutazama geti.

Nayasema haya ili mjue kwamba siku ile, samaki alipovuta, sikuwaza chakula.

Tulikuwa wawili kwenye mawe, nyuma ya bandari, mimi na mtoto wa mama mdogo, ambaye tulizaliwa mwaka mmoja na tukagawana ujinga nusu kwa nusu. Yeye anajua kuchimba minyoo, mimi najua kuvua, kwa sababu Babu alinifundisha mimi. Wanaume wa pale wameshachoka kuniuliza mtoto wa kike anatafuta nini. Nilikuwa nawajibu natafuta mume, na kila nikivuta nakuta ni samaki.

Mshipi ulikwenda pembeni, polepole, bila fujo, kama mtu anayesogeza kiti. Nikadhani ni jiwe. Kisha jiwe likageuka. Mwenzangu alinishika kiuno, mimi nikashika mshipi kwa mtandio ili usinikate vidole, tukamvuta hadi akaonekana ubavu, rangi ya manjano iliyofifia, na madoa meusi matatu ubavuni kama aliyeguswa na vidole vyenye masizi.

"Eh, sha," akasema mwenzangu.

Alikuwa kuhe. Sikuwa na mkono wa Babu pale, lakini naujua kuliko rula yangu ya shule, na niliona bila kupima kwamba huyu anapita kwapa. Anapita, anaingia begani.

"Babu atakufa!" akasema mwenzangu, kisha akajiziba mdomo.

Nikacheka. Kisha nikatazama ndani ya maji na kicheko kikaisha. Chini ya jiwe kulikuwa na kitu kama moshi, na moshi ule ulikuwa na macho. Vifaranga. Wadogo kama mbegu za nyanya, wamejikusanya pamoja, na juu yao kuhe mwingine, mdogo kuliko huyu wangu, anazunguka kwa haraka, anafukuza visamaki upande huu, na vingine vinaingia upande ule.

Kuhe wanalea wawili wawili. Hilo nalo nilifundishwa na Babu, kwenye mawe yale yale: ukimpata kuhe mwenye watoto unamrudisha, hata kama nyumbani mnalala njaa, kwa sababu aliyebaki peke yake hawezi kulinda pande zote. Nilishamwona akimrudisha mmoja mzuri kabisa huku wenzake wanamwita mwendawazimu.

"Tumurudishe," nikasema.

"Apana! Umerogwa? Babu alisema siku utapata, umulete tupime."

"Alisema pia kuhe mwenye watoto arudi."

"Sasa tumusikilize Babu yupi?"

Hapo ndipo tulipokwama. Amri zote mbili zilikuwa zake, na mwenyewe alikuwa amekaa barazani hasemi kitu. Na mimi nilikuwa na amri yangu ya tatu, ambayo sikumwambia mtu: nilitaka Babu amwone samaki huyu na akasirike. Akasirike sana, mpaka maneno yatoke. Kichekesho hakikuweza, labda kushindwa kutaweza.

Tulimpiga picha. Nikaituma kwenye kundi la familia. Mama akajibu: "Acha ujinga, rudi ufue." Mjomba akaleta vicheko na kuuliza kama huyu naye anakunywa kwenye beseni letu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewatumia picha ya kiboko yuko uani kwetu anakunywa maji ya kufulia. Niliitengeneza vizuri mno. Shangazi alifunga mlango kwa kitasa.

Kwa hiyo picha haikuwa na maana. Na kumbeba hadi nyumbani ni kumuua njiani, hapo swali litakuwa limejibiwa bila kuulizwa. Nikakumbuka wavuvi wanavyofanya wakisubiri mnunuzi: wanapitisha kamba shavuni, inatokea mdomoni, wanafunga fundo, na samaki anabaki majini, hai, amefungwa kama mbuzi. Tukafanya hivyo. Tukamfunga kwenye jiwe, mahali penye kina, karibu na watoto wake.

"We linda," nikamwambia mwenzangu. "Mi namuleta Babu."

"Utamuleta na nini? Mafuta hakuna, taksi hakuna."

"Nitamubeba."

Nilikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa bado kwenye kibanda chake cha vitenge, barazani alikuwepo Babu peke yake na geti lake. Nikamwomba jirani yetu, anayeuza maji, mkokoteni wake wa kubebea mabido, yale madumu yake ya maji.

"Unamupeleka wapi mutama, muzee wetu?"

"Kuoa."

"Basi urudishe mukokoteni kabla ya fungate."

Tuliweka kiti cha plastiki juu, tukakifunga kwa kamba za mabido, tukamkalisha Babu na kofia yake. Alishika ubao kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia kila kitu njiani, nikisukuma: kuhe, Babu, mkubwa kuliko wako, ana watoto, uamue wewe. Hakugeuka.

Magari ya foleni ya mafuta yalikuwa yamejipanga barabarani kama kawaida, wenyewe wamekaa nje juu ya ndala zao. "Yooo, mutama!" mmoja akaita. "Na we umekuja kupanga foleni? Huo mukokoteni unakunywa nini, mazutu ao esansi?" Yaani dizeli au petroli.

"Unakunywa jasho yangu," nikamjibu. "Uko nayo? Nipe, namupeleka kuoa."

Wakacheka, wawili wakaja kunisukumia hadi penye mteremko. Babu alitazama mbele. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Nilikuwa naiona kabisa kandambili ikiruka.

Tulipofika, mwenzangu alikuwa amesimama na uso wa mtu aliyevunja sahani. Kiboko alikuwa ametoa masikio yake upande wa bandari, na yeye, kwa kuogopa asiibiwe samaki na kiboko, alikuwa amemhamishia penye kina kifupi, kwenye mchanga.

"Kiboko hali samaki!" nikamwambia.

"Hiyo kiboko umeiuliza?"

Maji ya pale yalikuwa ya moto kama ya kuogea mgonjwa. Kuhe alikuwa amelala ubavu. Shavu lake lilifunguka, likakaa wazi, kisha likajifunga kama mlango usio na haraka. Nikaenda kuangalia chini ya lile jiwe. Yule mwingine alikuwepo, anazunguka, anafukuza upande huu, anarudi upande ule. Moshi ulikuwa umepungua. Palipokuwa na wingu pamebaki vumbi, na visamaki vidogo vilikuwa vinaingia na kutoka bila wasiwasi, kama watu kwenye duka lisilo na mwenyewe.

Nikambeba kuhe kwa mtandio, mzito, anateleza, nikampeleka kwa Babu juu ya mkokoteni.

"Babu. Huyu hapa. Pima."

Mdomo wa samaki niliugusisha kidole chake cha kati. Mkono ule haunyooki. Niliuvuta kidogo, akakunja uso kwa maumivu, nikaacha. Samaki alilala kutoka kidoleni hadi kwenye kiwiko kilichokunjwa, na kuanzia hapo mkia ukaenda hewani peke yake, haugusi kitu. Hakukuwa na kwapa la kufikia. Kwapa lilikuwa limefungwa. Ungemleta samaki yeyote duniani siku ile, asingejulikana ameshinda au ameshindwa.

"Ni mukubwa kuliko wako," nikasema. "Babu, sikiliza. Nimekushinda. Mi, mutoto mubaya. Nitukane."

Maji ya samaki yalikuwa yanamchuruzika kwenye kanzu. Alimtazama. Nina uhakika alimtazama, macho yake yalianzia kichwa cha samaki yakaenda mkiani, polepole, jinsi anavyofanya mtu anayejua. Kisha mkono wa kushoto ukainuka, ukashika ile kamba shavuni, na vidole vikaanza kuvuta fundo.

"Anasema tumurudishe!" mwenzangu akapiga kelele.

Lakini mkono ule wa kushoto, tangu augue, unavuta kila kitu. Unavuta vifungo vya shati, unavuta pindo la shuka, unavuta kamba za viatu vya mgeni aliyekaa karibu. Mama hufunga fundo kwenye kitambaa makusudi ili apate la kufungua. Nilimtazama usoni nipate jibu na uso ulikuwa ule ule wa geti. Sijui alisema nini. Mpaka leo sijui kama alisema kitu.

"Babu, tumurudishe ao tubaki naye?" nikauliza tena. Fundo lilikuwa limelowa, halikufunguka. Vidole vikaendelea.

Shavu la samaki lilifunguka na kuchelewa kufunga.

Nikaikata kamba kwa meno. Nilimwingiza majini hadi maji yakanifika kifuani, nikamshika wima, nikamsukuma mbele na nyuma ili maji yapite mashavuni, kama Babu alivyonifundisha. Alipiga mkia mara moja, kwa udhaifu. Nikamwachia. Akaenda ubavuubavu, akazama, tumbo jeupe likaonekana chini, likapotea kati ya mawe.

"Amekufa?" mwenzangu akauliza.

"Amechoka na wewe," nikasema. Hakucheka hata mmoja wetu.

Tulisubiri kama ataelea. Hakuelea. Hiyo haina maana yoyote, wengine huzama. Yule mdogo alikuwa bado anazunguka juu ya lile vumbi lake.

Kurudi ni mlima. Foleni ilikuwa imesogea magari machache, na yule wa mazutu akauliza bibi harusi yuko wapi. Nikasema amekataa mahari. Mdomo wangu ulifanya kazi wenyewe, mimi sikuwepo.

Nyumbani Mama alikuwa amefika. Nilimwambia yote, kwa mpangilio, bila kuongeza kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza na nadhani nilifanya vibaya, kwa sababu alisikiliza akiwa amekunja mikono, na nilipofika penye bega akasema, "Sasa hata babu yako unamushinda kwa uongo." Mwenzangu aliapa kwa Mungu. Yeye naye aliapa kuhusu kiboko wa uani, kwa hiyo kiapo chake kilikuwa kimeshatumika.

"Muulize Babu," nikasema.

Tukamgeukia wote watatu. Babu alikuwa anatazama geti.

Mama akamwinamia kumvua kofia, akasimama, akanusa. Akanusa mkono, tangu vidole hadi kiwiko.

"Ananuka samaki," akasema. "Umemupaka babu yako samaki?" Hasira ilimtoka, na machozi nayo yakatoka. "Hata mugonjwa haumuachi? Hata huyu unamufanyia mchezo?"

Nilimkunjia Babu mkono wa kanzu.

Magharibi ilikuwa inakaribia, na kumtawadhisha Babu ni zamu yangu. Mama alileta maji na sabuni, akaniwekea miguuni bila kunitazama. Nikausugua mkono ule, kwanza vidole, kisha kiganja, kisha hadi kiwiko, mpaka harufu ikaisha. Nilikwenda taratibu. Mara kwa mara nilimchungulia usoni. Kandambili ilikuwa pale pale, upande wake wa kushoto, mahali nilipoiweka.

"Alipita bega, Babu," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Nikasubiri kidogo. Kisha nikammiminia maji.