Ndiga Haihesabiwi Siku

Niliulizwa ndiga inalowekwa siku ngapi, nikajibu siku tatu. Nilijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Kumbe sikuwa najua.

Kwa asiyeijua, ndiga ni kiazi cha mwituni. Mmea wake unatambaa juu ya miti mingine, majani matatu matatu, shina lina miiba. Huku kwetu Tongoni imeokoa watu wengi miaka ya njaa, lakini ina sumu. Ukiila kabla sumu haijatoka inakuwasha koo, kisha inakulevya, kisha unatetemeka. Nilipokuwa mdogo jirani yetu mmoja aliila kabla ya wakati, njaa ilimshinda. Nilimwona amelala uani, macho wazi, miguu inapiga chini kama kuku aliyechinjwa. Hakufa, ila naye alikuwa bingwa wa kusema, na tangu siku ile akawa mtu wa kuitikia tu. Basi haya yote niliyaona kwa macho yangu, na bado nikasema siku tatu.

Shule yangu mimi iliishia darasa la pili. Nikaenda kukata katani, kisha nikakwea minazi mpaka magoti yakakataa. Hayo ya minazi niyaache, nikianza hatutafika. Ninachotaka kusema ni kwamba miti naijua: mti wa boriti, mti wa mpini, mzizi wa mtunguja kwa tumbo, kivumbasha cha kufukuzia mbu, mboga ya mchunga ya kula kwa nazi, ingawa ni mchungu kama ugomvi wa ndugu. Ndiyo maana alipokuja yule mtafiti aliyeniuliza, mwenyekiti wa kijiji alimleta barazani kwangu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa milimani, Lushoto huko, Mkristo, mpole, amefuatana na dereva wake. Kazi yake kuorodhesha mimea ya mwituni ya pwani hii, kuanzia kwetu hadi Mkwaja, na matumizi yake, ije itiwe kitabuni. Jumatatu nzima tulizunguka vichakani, yeye akikata tawi na kulibana katikati ya magazeti. Jua lilipoinama tukakaa barazani, mimi nasema yeye anaandika. Wanaume wa mtaani wakaja kusikiliza, na kichwa kikanivimba.

"Na hii, babu?" Akainua ndiga mbili tulizochimba.

"Ndiga hiyo. Tumeila sana."

"Mnaitengenezaje?"

"Unamenya, unakatakata nyembamba, unaloweka siku tatu, unapika."

"Maji ya kawaida tu?"

"Maji ni maji, mjukuu wangu."

Watu wakacheka. Mle ndani dada yangu, aliyekuwa anasuka ukili wa mkeka, akakohoa. Kikohozi kile nakijua tangu tuko watoto. Nikajifanya sikusikia.

Yule mama akaandika. Kisha, nilipomsindikiza kwenye gari lao, akazitia ndiga kwenye mfuko wake, akasema, "Mimi chakula ninachokiandika lazima nikionje. Kwetu kuna viazi vikuu, mama alikuwa akivipenda sana." Wakaondoka kwenda nyumba ya wageni waliyofikia, mtaa wa Usagara mjini.

Alhamisi asubuhi dada alikuwa anasuka, hakuinua hata kichwa. Akaniuliza, "Zile ndiga alikwenda nazo za nini?"

"Ataonja."

Mkono wake ukasimama. "Ataonja? Mimi nilidhani anaandika tu. Maandishi hayamuwashi mtu koo, ndiyo maana nikakusitiri mbele ya wageni. Umemwambia siku tatu kwa maji ya ndoo?"

"Sikusema ndoo."

"Ulisema maji ni maji, nilikusikia. Wewe bwana, ndiga mbichi uliishika lini? Kazi yako ilikuwa kuchimba na kula."

Kweli. Kwetu kuchimba ilikuwa kazi ya wanaume, maji kazi ya wanawake. Mama na dada walizitia kwenye vikapu, wakavizamisha kwenye hori, ule mkono wa bahari kule mikokoni, bahari ikajaa na kupwa juu yake, ndipo wakazihamishia mtoni kwenye maji yanayokwenda. Sisi wavulana tulikatazwa kusogea. Tuliambiwa mwanamume akipita pale ndiga inakataa kuiva, nami nimeliamini hilo hadi uzee huu.

"Tuliwaambia hivyo msije mkaiba mkafa," dada akasema.

"Basi ni siku ngapi?"

"Ndiga haihesabiwi siku. Unaikamua, ikitoa povu unairudisha majini. Povu likiisha unampa kuku kwanza, unamtazama mpaka jioni. Mwaka mmoja siku tano, mwaka mwingine tisa. Wewe hizo tatu umezitoa wapi?"

Sijui nilikozitoa. Labda kwenye matanga, nayo ni siku tatu.

Nikapiga simu. Ile sauti ya kwenye simu ikaniambia namba haipatikani. Nikahisi nimekosea namba, dada akapiga yeye, sauti ni ile ile. Nikaanza kuhesabu. Sisi Waislamu siku yetu inaanza jua likizama, na alipofika mjini jua lilikwisha zama. Kwa hiyo kama aliloweka usiku ule, ulikuwa usiku wa Jumanne, na siku tatu zinaisha leo Alhamisi magharibi. Hapo nikavuta pumzi. Kisha nikakumbuka huyu ni mtu wa kanisani, ana hesabu yake: Jumatatu moja, Jumanne mbili, Jumatano tatu. Jumatano ilikuwa jana.

Nikaita bodaboda. Dada naye akajifunga kanga ya pili.

"Wewe unakwenda wapi na miguu hiyo?"

"Utafika useme nini peke yako? Maji ni maji?"

Tukapakiwa mshikaki, wazee wawili nyuma ya dereva, pikipiki moja. Njiani dereva akasema, "Mzee, unanivunja mbavu," maana nilimkumbatia kama mnazi. Sitasema uongo: kitu cha kwanza nilichokiwaza ni polisi, kwamba nitafungwa kwa uzee huu. Ndipo nikamwaza yeye. Ni aibu, lakini hivyo ndivyo mawazo yalivyokuja. Baada ya hapo sikuona tena barabara, niliona ile miguu ya jirani yetu ikipiga chini.

Nyumba ya wageni tulimkuta mhudumu anadeki. Dada akamuuliza.

"Yule mama wa majani? Hajatoka leo. Nimegonga mara mbili, kimya. Na gari lao halipo."

Nikakaa kwenye ngazi. Uani palikuwa na ndoo, maji meupe kama tui, povu limetanda juu. Pembeni jiko la mkaa lililozimika, na sufuria. Dada akafunua kifuniko. Vipande vya ndiga, vimepikwa. Kimoja kilikuwa na alama ya meno.

Dada alikwenda kugonga yeye, mimi sikuweza. "Mwanangu, fungua. Ni sisi wa Tongoni." Kimya. Akagonga tena. Nikasoma kila dua ninayoijua, nazo si nyingi, nikazirudia.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama, midomo imevimba, uso umepauka.

"Shikamoo, babu," akasema, sauti imekwaruza.

Nilishindwa kuitikia. Umemlisha mtu sumu, anakupa shikamoo, utasema marahaba?

Akatueleza pale pale mlangoni, ameegemea. Alimega kidogo tu jana jioni. Mdomo ukawaka moto, dunia ikazunguka, akatapika, dereva akamkimbiza hospitali. Amerudishwa alfajiri, akalala kama gogo, na sasa dereva amekwenda kumtafutia maziwa.

"Nafikiri nilikosea kuloweka," akasema.

Hapo ningeweza kunyamaza. Dada alinitazama, wala hakukohoa.

"Hukukosea," nikasema. "Mimi sikujua. Nilisema tu."

Aliingia ndani akatoka na daftari lake, akakaa kitini taratibu, akaukata ule mstari. Nikamwambia anayejua ni dada. Akamwomba amweleze, naye dada akaeleza hori, mto, povu, kuku, polepole, na mimi nikasikiliza kwa mara ya kwanza. Nilidhani yamekwisha. Kumbe mtafiti anafunua daftari nyuma, nyuma zaidi, mpaka mwanzo.

"Na haya mengine, babu?"

Siku nzima nilisema, na watu walikuwa wanacheka.

"Mzizi wa mtunguja, tumbo," akasoma.

"Huo najua. Nimeunywa mwenyewe."

"Kivumbasha, mbu."

"Najua."

"Mzizi wa mkwamba, mtoto mwenye degedege, achemshiwe anywe asubuhi na jioni."

Dada akakohoa.

"Futa," nikasema. "Huo nilisikia tu, sikumbuki kwa nani."

Akafuta. Tulikuwa bado ukurasa wa kwanza.