Katuni za Watu wa Mkono wa Kushoto

Binti yangu alizaliwa mashoto, na mamamkwe wangu hakulipenda jambo hilo tangu siku ya kwanza alipomwona anaunyoosha mkono wa kushoto kupokea ndizi. Tulikuwa tunaishi kibanja kimoja kijijini Chonyonyo, nyumba yake na yetu zikitazamana katikati ya migomba. Mtoto alipofikia umri wa kula na wenzake, bibi yake alichana kipande cha kanga kuukuu, akawa anaufunga ule mkono kiunoni kila chakula kinapotengwa. Hakumfunga kwa ukali. Alifunga taratibu, kama mtu anayefunga kidonda, huku akisema, "Vumilia, mjukuu wangu. Nakutengenezea maisha."

Mimi nilikuwa palepale, nakula maharage yangu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na darasani kwangu watoto walioshika kalamu kwa kushoto niliwapiga rula vidoleni. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, ndivyo nilivyofundisha. Nyumbani nilimwonea huruma mwanangu, lakini kubishana na mama wa mume wangu sikuthubutu.

Miaka ya tisini mwanzoni, kaka yangu aliyekuwa na duka Omurushaka alinunua katoni la vitabu vya mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Yeye alitaka karatasi za kufungia karanga. Nilipopita dukani nikamkuta ameshachana kimoja hadi katikati. Vilikuwa vitabu vya katuni, hadithi za Kijapani zilizotafsiriwa kwa Kiingereza.

"Chukua tu, dada," akaniambia. "Karatasi zake laini mno, karanga zinatoboa."

Nikavibeba. Karibu vyote vilikuwa vya hadithi moja ndefu, ya msichana anayepeleka ujumbe wa mtawala wake kupitia milima yenye theluji, huku askari wakimfuata nyuma. Nilipofungua cha kwanza nilikutana na maelezo kwa msomaji. Yalisema kwamba Wajapani hufungua kitabu kutoka upande wa kulia, kwa hiyo picha zote zimegeuzwa, kama mtu anavyojiona kwenye kioo, ili msomaji wa Kiingereza asipotee. Nikayasoma, nikafunua ukurasa, nikayasahau.

Jioni nilimsomea binti yangu, natafsiri huku tunatazama picha. Theluji nilimwambia ni mvua ya mawe isiyoumiza. Tulikuwa hatujafika mbali aliponishika mkono.

"Mama, huyu naye mashoto."

Nikatazama. Msichana alikuwa ameshika upanga kwa mkono wa kushoto.

"Na askari, mama. Na huyu bibi anayekoroga chungu. Mama, wote!"

Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale maelezo: kugeuzwa kwa picha ndiko kulikowafanya wote mashoto. Nikamtazama usoni, na sijawahi kumwona mtoto ana furaha namna ile kwa jambo dogo vile.

"Nchi hiyo ndivyo walivyo," nikasema.

Kesho yake, kabla ya chakula, alikipeleka kitabu kwa bibi yake. Mamamkwe alikishika mbali na macho, akafunua kurasa kwa muda mrefu, kisha akaja nacho hadi mlangoni kwangu.

"Mwalimu," akaniita. Aliniita hivyo pale tu alipotaka jibu la kuaminika. "Nchi hii ipo kweli?"

"Ipo, mama."

"Na wazee wao wanakula hivi?"

"Kama unavyoona, mama."

"Ndio hawa wanaotengeneza magari?"

"Ndio hao. Hata lile la misheni limetoka kwao."

Akacheka, akatikisa kichwa. "Basi tunamtesa mtoto bure." Hakumfunga tena. Na majirani waliposema, aliwajibu kwamba iko nchi nzima ya watu hao na wameendelea kuliko sisi. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Darasani niliacha kupiga rula, lakini sikumweleza mtu sababu.

Miaka ikapita. Binti yangu alikuwa sekondari ya bweni, amekuja likizo, mvua inanyesha siku nzima, akalitoa katoni chini ya kitanda na kuanza kusoma upya. Sasa Kiingereza alikijua mwenyewe. Akimaliza kimoja nakichukua mimi. Nilishangaa jinsi hadithi ilivyokuwa tofauti na niliyoikumbuka. Vitabu vya mwisho havikuwemo kabisa, na mwisho mzuri niliomsimulia mwanangu, msichana akipokelewa kwao kwa ngoma, niliutunga mimi.

Siku moja nilikuwa jikoni namenya matoke, akaingia na kile cha kwanza, amekifungua penye yale maelezo kwa msomaji.

"Mama, ulisoma hapa?"

Sikuhitaji kutazama. "Nilisoma."

"Lini?"

"Kabla sijakusomea."

Akakaa kwenye kigoda. "Bwenini nimewasimulia wote," akasema. "Wasichana wakinicheka mkono, nawaambia habari za Wajapani."

"Mwanangu, habari hiyo ndiyo iliyomfanya bibi yako akufungue."

"Najua kilichomfanya bibi anifungue. Nakuuliza wewe. Kwa nini hukumwambia tu kwamba mkono wangu hauna kosa?"

"Asingenisikia."

"Ulijaribu?"

Kisu kilikuwa mkononi na ndizi imeanza kuwa nyeusi. Sikuwa nimejaribu hata mara moja. Nilimwambia hivyo, nikamwomba radhi. Akasema, "Nimesikia, mama," kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kama angenifokea. Kisha nikafanya jambo ninalolionea aibu mpaka leo. Nilimsihi asimwambie bibi yake.

"Sitamwambia," akajibu. "Lakini si kwa ajili yako."

Mamamkwe alifariki mwaka uliofuata. Yule mama aliniuliza kama mwalimu, akaamini, nami nikamwacha aende na uongo wangu hadi kaburini kwa sababu ulinirahisishia kazi iliyokuwa yangu.

Baada ya matanga, kwenye kikao cha wazazi shuleni, nilisimama bila kupangiwa. Nikasema mtoto anayeandika kwa kushoto asipigwe wala asifungwe mkono, shuleni wala nyumbani. Mzee mmoja akauliza nani kasema, serikali?

"Nasema mimi," nikajibu. "Na mimi mwenyewe nimewapiga watoto wenu."

Palikuwa na mama ambaye mwanawe nilikuwa nampiga rula karibu kila siku. Alinitazama, akainamisha macho, akarekebisha mtandio wake. Kikao kikahamia kwenye habari ya paa la darasa.

Binti yangu sijamsimulia habari za siku ile. Kila nikitaka kumwambia, naona kama naomba anipunguzie kosa langu.