Mstari Chini ya Ukucha

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alikuwa fundi wa kupaka rangi za kucha, na wateja walimwita Madoido. Saluni ilikuwa yetu sote wawili. Mimi nilisuka, yeye alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, beseni la maji ya moto mbele yake, akisugua visigino vya watu huku akiwatania. "Dada, hiki kisigino au jiwe la kunolea visu?" Watu walicheka, na walirudi.

Katika kazi ile, kucha zako mwenyewe ndizo tangazo lako. Mstari mweusi ulipojitokeza chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake, alidhani amejigonga. Ukazidi kupanuka, weusi ukaingia hadi kwenye nyama ya pembeni. Nikamsumbua mpaka akakubali kwenda hospitali. Alifuta rangi akaenda na kucha tupu, na kwake hilo lilikuwa sawa na kutoka nje bila nguo.

Daktari hakuushika hata huo mguu. Alisema ni viatu vya kubana. Wifi akauliza kama haiwezi kuwa kansa.

"Kansa ya ngozi ni ya watu weupe, mama," daktari akacheka. "Nyinyi weusi ngozi yenu inawakinga. Wewe paka rangi tu, haitaonekana."

Akarudi saluni, akajipaka nyekundu iliyokolea. "Wifi, leo nimeandikiwa dawa ya dukani kwetu," akasema. Tulicheka, kwa sababu tulimwamini yule mtu.

Kisha akaja mteja wetu mmoja, mwanamke wa Kizungu, na bandeji ndogo mkononi. Alikuwa na kidoa tu, akatueleza, lakini daktari hakutaka mchezo. Alikikata siku hiyo hiyo, kikapelekwa maabara, na bahati nzuri hakikuwa kitu. Tulipomuuliza daktari gani, alikuwa yule yule. Wifi alikuwa ameshika miguu yake ndani ya beseni. Akaitoa, akaikausha, akainama kuutazama ukucha wake mwenyewe.

Kesho yake alirudi kwa daktari. Safari hii aliambiwa apunguze mawazo, kwamba wanawake tunapenda kujitafutia magonjwa.

Kaka yangu ni dereva wa lori. Aliporudi safari akakuta ukucha umepasuka na shuka lina damu, akamchukua mkewe wakaenda wote. Daktari akamsalimia kaka, akamvutia kiti kaka, akamuuliza kaka maumivu yalianza lini.

"Muulize mwenye mguu," kaka akasema.

Barua ya kwenda hospitali kubwa iliandikwa hapo hapo. Walinisimulia waliporudi. Mguu ulikuwa ule ule, mstari ule ule. Kilichoongezeka mle chumbani ni ndevu.

Hospitali kubwa walikata kipande, wakapima, wakakuta ni kansa, kisha wakakata kidole chote. Nilipokwenda kumwona, alitoa mguu nje ya shuka. "Zimebaki tisa, wifi. Usinitoze za kumi." Nikacheka nikilia. Lakini kinena kilikuwa kimeshavimba, ugonjwa umepanda. Daktari bingwa alitikisa kichwa, akasema laiti wangekuja mapema.

"Tulikuja," wifi akamjibu.

Tulimzika kabla mvua hazijaanza. Nilimpaka zote tisa mwenyewe, nyekundu ile ile.

Sasa kigoda nakalia mimi. Mwanamke yeyote akija, nafuta rangi ya zamani yote, navuta taa, natazama ukucha mmoja mmoja. Wengine wanalalamika nawachelewesha, nawaambia wavumilie au waende kwingine. Nikiona mstari, simpaki. Namwambia aende hospitali, akatae kuambiwa ni viatu, na asiende peke yake. Aende na mumewe, au kaka yake, au hata jirani, mradi ana sauti nzito. Naona aibu kumwambia hivyo mtu mzima mwenye akili zake. Lakini nataka arudi.