Paka wa Mabira kwenye josho la ng'ombe

Naandika haya masikio yakiniwaka. Mimi ndiye bwana mifugo wa Mabira, na Jumamosi nimeaibika mbele ya watu wangu wote.

Wiki moja kabla, Sista wa zahanati aliniletea paka wake ndani ya kikapu, tezi za shingo zimevimba. Alikuwa na chupa ya dawa kutoka kwa kaka yake, daktari wa wanyama huko Ulaya, akaniomba nimsaidie kumchoma mshipani. Alipoanza kueleza ugonjwa nilimkatiza. Anifundishe tezi, mimi?

"Sista, hii ni ndigana. Ni kupe tu."

Akafunika kikapu, akaenda zake.

Sikuishia hapo. Nilitangaza kanisani kwamba ndigana, homa ya ng'ombe iletwayo na kupe, imeingia kwa paka, kila mwenye paka amlete joshoni. Jumamosi wakaja kweli, paka wanalia ndani ya magunia. Bibi Koku, mikono imeparuliwa hadi viwikoni, alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Sista akapita na paka wake, uvimbe wa shingo umenywea kabisa.

"Shikamoo Bibi. Paka wote hawa wana nini?"

"Tunawaogesha ndigana, kama ile ya paka wako."

"Wangu ana kansa ya tezi, Bibi. Nimemchoma dawa ya kansa mwenyewe. Wala haiambukizi."

Bibi Koku akanigeukia, gunia linarukaruka mkononi.

"Mwanangu, yule paka ulimkuta na kupe wangapi?"

Foleni nzima ikasogea karibu kusikia jibu. Nami yule paka sikuwa hata nimemgusa.