Makapi ya Wimbi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa huko Ekerenyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nikitoka shuleni nimembeba mdogo wangu Ombati mgongoni, na nilikatazwa kumweka chini. Siku moja nikamweka. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba, nami nikamwacha agaagae uchi kwenye makapi, pale palipopurwa wimbi. Jirani yetu Mama Nyaboke alipita, akamtazama, akamchekea, akaenda zake.

Jioni mtoto alilia kilio kisichobembelezeka, ngozi imemvimba vipele. Nyanya, tuliyemwita Magokoro, alimlaza mapajani akamsugua siagi polepole. Vijipande vya makapi vikaanza kutoka, kimoja kimoja, vikabaki kiganjani mwake. Kwetu iliaminika kwamba wapo watu ambao wakimtazama mtoto mchanga, takataka humwingia mwilini, na asipowahiwa hufa.

"Nani amemtazama leo?" Magokoro aliuliza.

Mama akanigeukia.

"Mama Nyaboke."

Sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Basi tumeelewa," mama akasema, akafunga mlango.

Wiki ileile mwalimu wa Kiswahili alituuliza kama tumeelewa somo. Tukaitikia "Ndiyo!" darasa zima, naye akakasirika.

"Mnaitikia tu! Kuelewa kumetokana na kuelea. Jambo limekuelea, maana yake limekuwa wazi kwako. Kama halijawa wazi, bado hujaelewa. Haya, nani limemwelea?"

Niliinamisha kichwa. Mimi langu lilikuwa limenielea tangu nilipoyaona yale makapi kiganjani mwa Magokoro. Nilijua yalikotoka. Lakini niliogopa fimbo, nikanyamaza.

Ombati alipona. Mama Nyaboke ndiye aliyeharibikiwa. Wanawake waliwafunika watoto wao alipopita, na baadaye akajifunza mwenyewe kugeukia ua kila alipoona mtoto amebebwa. Nililiona hilo miaka na miaka, nikiwa na neno moja tu la kusema, na sikulisema.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nikampelekea Mama Nyaboke.

"Mama, Ombati nilimweka mimi kwenye makapi. Hukumfanya lolote. Mtazame mjukuu wako."

Alifumba macho. Kisha akampokea, akampapasa mashavu, masikio, vidole vyote kumi.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema.

Lakini macho hakuyafumbua.